Mipaka ya Kisheria ya Ulinzi wa Raia Vijijini: Mwongozo kwa Wakazi wa Mazingara na Vijiji vya Handeni na Korogwe

Ulinzi wa usiku unaofanywa na wananchi wenyewe, ambao katika kata ya Mazingara na katika vijiji vingine vya Handeni na Korogwe huitwa sungusungu, ulinzi shirikishi au lindo tu, unasimama juu ya mamlaka madogo kuliko wengi wanavyodhani, na mlinzi asiyeijua mipaka yake anaweza kuingia zamu akiwa msaidizi wa sheria na kupambazukiwa akiwa mtuhumiwa. Mwongozo huu unamlenga mwanakijiji aliyepangwa zamu, mwenyekiti wa kitongoji anayezipanga zamu hizo, na pia mkazi au mpita njia anayesimamishwa na walinzi, kwa kuwa haki za huyu wa mwisho ndizo zinazochora mipaka ya wale wa kwanza. Jambo moja linapaswa kushikwa tangu mwanzo: mamlaka ya kumkamata mtu, hata yakiwa mapana kiasi gani, hayana ndani yake mamlaka ya kumhukumu wala ya kumwadhibu, na karibu kila kosa kubwa linalotendwa na walinzi wa kijiji huzaliwa pale mambo haya mawili yanapochanganywa.

Mamlaka yanakotoka

Katika Tanzania Bara mamlaka ya raia ya kukamata yana vyanzo viwili. Cha kwanza ni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985, ambayo ndiyo inayoeleza namna mtu anavyokamatwa, anavyopekuliwa na anavyofikishwa mahakamani. Sheria hiyo, katika kifungu chake kinachohusu ukamataji unaofanywa na raia (kifungu cha 16 katika toleo la 2022, msomaji atafute kichwa cha kifungu kuliko namba, kwa sababu namba hubadilika sheria zinaporekebishwa), inampa mtu yeyote, awe mlinzi au asiwe, ruhusa ya kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, ikiwa kosa hilo ni miongoni mwa yale ambayo polisi anaweza kumkamatia mtu bila hati, yaani bila karatasi ya amri kutoka mahakamani. Inampa pia mwenye mali, mtumishi wake au aliyemruhusu, haki ya kumkamata anayekutwa akiiharibu mali hiyo, na hapa ndipo anapoingia mkulima anayemkuta mtu akikata mahindi yake au akiingiza ng'ombe shambani kwa makusudi.

Chanzo cha pili ni sheria za mgambo, ambazo baadaye ziliwafikia sungusungu. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, katika maeneo ya Shinyanga, Kahama na Tabora, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kuacha silaha mikononi mwa watu na wizi wa ng'ombe kuzidi uwezo wa polisi. Vilikuwa vikundi vya wanakijiji wenyewe, vyenye viongozi wao na ishara zao, na kwa miaka kadhaa vilifanya kazi bila msingi wowote wa kisheria, huku vikisifiwa na wanasiasa kwa kurudisha usalama na kulaumiwa na mahakama kwa vipigo na vifo. Mwaka 1989 Bunge lilizirekebisha sheria za mgambo ili makundi ya aina hiyo, yakiwamo sungusungu na wasalama, yaliyoandaliwa na kutambuliwa na serikali, yapate mamlaka ya kukamata ambayo sheria ya 1975 ilikuwa imewapa mgambo. Tangu mwaka 1990, Augustino Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, mfumo huo ulisukumwa hadi mijini, na kuanzia 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi liliuweka ndani ya mpango wa polisi jamii, yaani utaratibu wa askari na wananchi kulinda kwa kushirikiana.

Historia hii ina maana ya moja kwa moja kwa mlinzi wa Mazingara. Kilele cha mamlaka anayoweza kuyapata, akiwa katika kundi linalotambuliwa na akiwa zamu, ni kile cha askari polisi wa cheo cha konstebo, ambacho ndicho cheo cha chini kabisa katika jeshi hilo. Konstebo haruhusiwi kumpiga mtuhumiwa, hatozi faini kwa kichwa chake, haamui nani ana hatia, na hamfungii mtu kwa muda anaoutaka yeye. Kwa hiyo hakuna namna ambayo mlinzi aliyeazimwa mamlaka ya konstebo anaweza kuwa na uwezo ambao konstebo mwenyewe hana. Mlinzi ambaye kundi lake halijulikani popote, ambaye jina lake halimo katika orodha ya ofisi ya kijiji wala kwa polisi kata, anabaki na mamlaka ya raia wa kawaida tu.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza, kabla ya filimbi na tochi kununuliwa, ni ya makaratasi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama, na ulinzi wa usiku unapaswa kutoka kwenye kamati hiyo, upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni mkutano wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, kisha orodha ya walinzi ifikishwe kwa mtendaji wa kata na kwa polisi. Kundi la vijana waliochaguana wenyewe nyumbani kwa mwenye bodaboda mmoja aliyeibiwa, hata kama nia yao ni njema, halijawa sungusungu kwa maana ya sheria.

Kukamata

Kumkamata mtu kisheria ni kumgusa au kumzuia mwili wake, isipokuwa kama yeye mwenyewe amekubali kwa neno au kwa kitendo kuwa chini ya anayemkamata. Akikubali, hakuna sababu ya kumshika, na asipokimbia wala kupigana, hakuna sababu ya kumfunga. Anayekamatwa anapaswa kuelezwa ni kwa kosa gani, kwa lugha anayoielewa, na katika vijiji ambako Mzigua, Msambaa na Mmasai hukutana njia moja sharti hili si la kupuuzwa, kwa maana mfugaji anayefokewa kwa maneno asiyoyafahamu anaweza kudhani anaporwa na akajitetea kama mtu anayeporwa.

Maneno yanayobeba uzito mkubwa katika kifungu cha raia ni yale yanayotaka kosa liwe limetendwa mbele ya anayekamata. Fununu haitoshi, wala kusikia kwamba fulani ndiye anayesumbua kitongoji. Raia aliyesikia habari za mwizi bila kumwona ana kazi ya kutoa taarifa polisi, na hilo ni jambo ambalo sheria yenyewe inalitarajia kwake.

Fikiria walinzi watatu wanaomkuta kijana, saa nane za usiku, akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kwenye njia inayotoka mashambani. Kutembea usiku peke yake si kosa, na Katiba ya 1977 inatoa uhuru wa kwenda atakako katika ibara ya 17, hivyo mlinzi hawezi kujitungia marufuku ya kutembea baada ya saa nne. Hata hivyo ana haki ya kumsalimia, kumuuliza anatoka wapi na mzigo ni wa nani, na kijana akisema ni wa shamba la baba yake mdogo, simu moja kwa mwenyekiti wa kitongoji hicho inaweza kulimaliza jambo kabla halijawa kesi. Kijana akiangusha baiskeli na kukimbia, mashaka yameongezeka, na walinzi wa kundi linalotambuliwa, wenye mamlaka yanayofanana na ya konstebo, wanaweza kuwa na sababu ya msingi ya kumkamata kama mtu anayeshukiwa kuwa na mali ya wizi. Raia wa kawaida asiye katika kundi lolote, ambaye hakuona mahindi yakikatwa, yuko mahali pabaya zaidi kisheria akimkimbiza kwa panga kuliko akibaki na gunia, baiskeli na maelezo yake hadi polisi wafike.

Tofauti hii ndogo imewahi kugharimu maisha mbali na Tanga. Katika jimbo la Georgia nchini Marekani, Februari 2020, wanaume watatu walimfukuza kwa magari kijana Mweusi, Ahmaud Arbery, aliyekuwa akikimbia mazoezi mtaani, wakimshuku kuwa mwizi, na mmoja wao akamuua kwa bunduki. Utetezi wao ulijengwa juu ya sheria ya 1863 iliyowaruhusu raia kukamata. Mwaka 2021 bunge la jimbo liliifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo, na mwishoni mwa mwaka huohuo wote watatu walitiwa hatiani kwa mauaji. Tanzania haijafuta kifungu chake, na pengine haipaswi, kwa kuwa vijiji vingi viko mbali na kituo cha polisi. Lakini kifungu hicho kinafaa tu kwa anayekubali kukisoma hadi mwisho.

Mwisho wenyewe ni huu: raia aliyemkamata mtu anatakiwa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama hakuna polisi karibu, kumfikisha kwenye kituo kilicho jirani zaidi. Muda wa saa 24 ambao husikika mara nyingi ni muda waliopewa polisi kumfikisha mtuhumiwa mahakamani katika makosa mengi, na haumhusu mlinzi wa kijiji. Kadhalika amri ya kumweka mtu ndani kwa saa 48 ni ya mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya pekee, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, tena kwa masharti ya kuhofia uvunjifu wa amani na ya kutoa sababu kwa maandishi. Mwenyekiti wa kijiji hana amri hiyo, na mtu anayelazwa kwenye stoo ya ofisi ya kijiji mpaka ndugu zake walete fedha amefungiwa kinyume cha sheria, jambo ambalo Kanuni ya Adhabu inalihesabu kuwa kosa la jinai la wale waliomfungia.

Kupekua

Upekuzi wa nyumba kwa kawaida huhitaji hati, na hati hiyo hupewa polisi, si kikundi cha ulinzi. Mlinzi anayesukuma mlango wa mtu usiku kwa madai ya kutafuta mbuzi aliyepotea anaingia katika kosa la kuingia kwa jinai, na anavunja ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu na maskani yake. Njia halali ni kuizingira nyumba kwa macho, kuwaita polisi, na kumwita mjumbe au mwenyekiti awe shahidi. Kwenye mwili wa aliyekamatwa, anayemkamata anaweza kumnyang'anya silaha, kwa sababu za usalama zilizo wazi, mradi silaha hiyo ikabidhiwe polisi pamoja na mtu mwenyewe. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu, kwa staha, na kundi lisilo na mlinzi wa kike linapaswa kumwacha apekuliwe kituoni.

Simu, fedha na funguo za pikipiki za mtuhumiwa zinastahili uangalifu wa pekee. Kitu kinachochukuliwa kwa mtu chini ya tishio la kirungu au panga na kisifikishwe polisi kinaweza kuwageuza waliokichukua kuwa washtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake katika Kanuni ya Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Hakuna hakimu atakayeuliza kwanza kama waliokichukua walikuwa zamu.

Nguvu

Sheria inaruhusu nguvu inayohitajika kumkamata mtu anayekataa kukamatwa, na kiasi kile tu. Fimbo inayotumika kumzuia anayerusha ngumi inatetewa. Fimbo ileile inayotua mgongoni mwa mtu aliyekwisha kaa chini na kuweka mikono kichwani haitetewi na kifungu chochote, kwa kuwa ukamataji umekwisha na kilichobaki ni shambulio. Kadhalika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo, na haki hiyo huisha pale hatari inapoisha. Mwizi anayekimbia akiwa amedondosha kuku hana tena hatari inayohalalisha mshale. Mkuki, upinde na panga ni vitu vya kawaida katika nyumba za wakulima na wafugaji wa Handeni, lakini kwenye lindo hupunguza sana nafasi ya mlinzi ya kueleza baadaye kwamba alikusudia kukamata tu. Filimbi, tochi, simu yenye chaji na idadi ya kutosha ya walinzi hufanya kazi kubwa zaidi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni dhima ya pamoja. Kanuni ya Adhabu haimtafuti aliyetoa pigo la mwisho peke yake. Inamhesabu kuwa mtenda kosa yule aliyesaidia na yule aliyeshawishi, na katika kifungu cha 23 inasema kwamba watu wawili au zaidi wanaoungana kutekeleza kusudi lisilo halali, kisha kosa likatendeka ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya kusudi hilo, kila mmoja wao anahesabiwa kulitenda. Kwa hiyo mwizi wa mbuzi akifa kwa kipigo, aliyeshika miguu, aliyeleta kamba, aliyekwenda kuchota petroli kwenye chupa na aliyepiga filimbi kuwaita wengine waje kumpiga wanaweza kusimama kizimbani pamoja kwa mauaji, na adhabu ya mauaji ya kukusudia nchini Tanzania ni kifo. Mbuzi hana thamani hiyo, wala ng'ombe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiripoti mauaji ya wananchi wenye hasira mwaka hadi mwaka, na nyuma ya kila tukio zimo familia za pande mbili zilizobaki bila mtu wa kulima.

Mlinzi anayewakuta watu wamekwisha kumzingira mtuhumiwa ana wajibu mzito kuliko wote wa usiku huo, ambao ni kumtoa humo akiwa hai. Uzoefu wa kazi hii unaonyesha kwamba inasaidia kutangaza kwa sauti kuwa mtu huyo yuko chini ya ulinzi na polisi wako njiani, kumweka katikati ya walinzi na kumwondoa mara moja kwenye eneo, na kupiga 112, namba ya dharura ya polisi. Akiwa ameumia, apelekwe kituo cha afya akiwa na fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, na kama hali ni mbaya matibabu yatangulie, fomu ifuate.

Kipigo pia huua kesi. Maelezo ya kukiri kosa hupokelewa mahakamani pale tu yalipotolewa kwa hiari, hivyo mtuhumiwa aliyekiri mbele ya kijiji kizima huku damu ikimtoka puani amewapa walinzi ushahidi usio na kazi na amejipatia yeye mwenyewe malalamiko ya kweli dhidi yao. Mtoto, yaani mtu wa chini ya umri wa miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aitiwe mzazi au mlezi na ustawi wa jamii, na asichanganywe na watuhumiwa watu wazima. Na pale mganga anapopiga ramli na kumtaja mwizi au mchawi, walinzi wajiepushe kabisa: Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya anayemtaja mtu kuwa mchawi kwa nia ya kumdhuru kuwa mkosaji, na ramli si kosa lililotendwa mbele ya mtu.

Faini na michango

Faini ni adhabu, na adhabu hutolewa na mahakama au kwa utaratibu uliowekwa na sheria ndogo, yaani kanuni inayotungwa na halmashauri ya kijiji baada ya kujadiliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo isiyoidhinishwa bado ni pendekezo tu, hata ikibandikwa ukutani kwa mhuri. Mtu asiyefika zamu yake anaweza kuwajibishwa kama sheria ndogo halali inasema hivyo. Kumchukulia jembe au kuku wake, au kumpiga, hakumo ndani yake. Vivyo hivyo kwa mfugaji ambaye ng'ombe wake wameingia shambani: mifugo ikishikiliwa ili kuzuia hasara zaidi, taarifa itolewe mara moja kwa mtendaji, hasara ipimwe na afisa kilimo mbele ya pande zote mbili, na malipo yapite ofisini kwa stakabadhi, kwa kuwa ng'ombe wanaozuiliwa siku nzima bila maji huzaa mgogoro mpya juu ya ule wa mahindi. Fedha za mchango wa ulinzi nazo zina stakabadhi na husomwa katika taarifa ya mapato na matumizi. Mlinzi anayeomba "ya soda" ili amwachie mtu ametenda kosa la rushwa, na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa namba 113.

Daftari

Hakuna kinachomlinda mlinzi mwema kuliko daftari la kawaida la shule lililopigiwa mistari. Ukurasa mmoja wa tukio unatosha ukionyesha tarehe na saa, mahali, majina ya walinzi wa zamu, nani aliona nini kwa macho yake, maneno aliyoelezwa aliyekamatwa, hali ya mwili wake wakati huo, vitu vilivyokutwa kimoja kimoja pamoja na rangi na alama zake, saa aliyokabidhiwa, jina la askari aliyempokea na namba ya RB, ambayo ni namba ya taarifa inayotolewa kituoni. Gunia la mahindi liandikwe "gunia moja jeupe lenye mstari wa bluu, limefungwa kwa katani", kwa sababu miezi kadhaa baadaye wakili wa utetezi atauliza lilifungwa kwa kitu gani, na walinzi watatu wakijibu mambo matatu mtuhumiwa atakwenda nyumbani. Aliyeshuhudia ajiandae kwenda mahakamani; asipokwenda, kazi ya usiku ule imepotea.

Mkazi aliyeonewa na walinzi naye ana njia zake: polisi, mtendaji wa kata, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na wasaidizi wa kisheria, ambao ni watu waliopata mafunzo na kutambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kutoa ushauri bila malipo. Kwa kuwa sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu, mkazi yeyote anaweza kumwomba mtendaji aingize katika ajenda ya mkutano ujao mambo matatu: orodha ya walinzi isomwe kwa majina, nakala ya sheria ndogo ya ulinzi yenye uthibitisho wa halmashauri ya wilaya ionyeshwe, na askari polisi wa kata aalikwe kueleza mbele ya wote ni wapi na kwa nani mtuhumiwa atakabidhiwa usiku, ikiwa ni pamoja na usiku ambao gari la polisi halipo.